Mjenzi wa ndege asiamini namba ya karatasi

Wengi wetu tukisikia ndege imeishiwa nguvu angani, fikira huenda kwenye injini. Nami nilidhani hivyo, hadi nilipoanza kufuatilia kazi za watu wanaojiundia ndege nyumbani, hasa kule Marekani, ambako gereji ya gari hugeuzwa karakana. Injini yaweza kunguruma vizuri na ndege bado ikaanguka, maana kinachobeba ni bawa.

Nahodha wa mashua atanielewa upesi. Tanga likikazwa kupita kiasi, upepo hauliambai tena vizuri na chombo hupungua mwendo. Bawa nalo likiinuliwa mno mbele ya upepo, kiasi cha nyuzi 15 hivi, hewa hubanduka juu yake na pua huanguka.

Sasa, mwenye kuuza ramani za ndege huandika mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba. Tuseme ni noti 50. Hiyo ni namba ya ndege yake. Yako umeiunda wewe, na rangi, viti na redio vimeongeza uzito. Uzito ukizidi kwa asilimia 20, mwendo huo hupanda kwa karibu asilimia 10. Ukipiga kona bila kushuka, ndege imelala nyuzi 60, zile noti 50 huwa kama 71.

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, ni kipima mwendo chenyewe. Pua ikiwa juu, mrija unaopokea upepo hauelekei sawasawa, na matundu ya ubavuni nayo husoma kanieneo isiyo sahihi. Saa yaweza kuonyesha 40 wakati ndege inakwenda 50. Kanuni ya kuja kutua ni kuzidisha mwendo huo kwa 1.3. Mjenzi akizidisha 40 anapata 52, na anakuja nayo. Lakini kwenye 52 kosa la saa limepungua, na mwendo wa kweli huenda ni 54 tu. Alidhani ana akiba ya noti 12, kumbe ana 4, naye yuko karibu na ardhi. Alipaswa kuzidisha 50, apate 65.

Ndiyo maana hupanda futi elfu kadhaa, peke yake, akapunguza mwendo noti moja kwa sekunde na kuandika pua ilipoanguka. Kisha hurudia na mifuko ya mchanga mahali pa abiria. Saa nayo huisahihisha kwa jipiesi, akiruka pande nne ili upepo ujifute kwenye wastani.

Kule Marekani, kwa kawaida hujaribu saa 25 au 40 kabla ya kubeba abiria. Wako wanaozunguka tu hadi saa zitimie. Hao wamechoma mafuta, hawakupima kitu. Aliyepima hupaka alama zake mwenyewe kwenye saa, na akibadilisha panga au kuongeza tangi, huanza upya.