Kengele ya Frere Town na Kanisa la Waliokombolewa

Kijana wa Ekerenyo ateremkaye Mombasa kutafuta riziki, akiisha kuvuka Daraja la Nyali, husikia utingo akinadi "Kengeleni!", na aghalabu hajui njiapanda ile ilipataje jina. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, ambayo mwaka 2025 yalitimiza miaka 150; na jirani yake lingali limesimama kanisa dogo la Kianglikana la Emmanuel, la mwaka 1889, ambalo kwetu Abagusii, tuliofundishwa dini na Wakatoliki wa Nyabururu na Wasabato wa Nyanchwa, habari zake ni za ugenini.

Mwanzo wake wajulikana: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mateka waliookolewa majahazini wakakosa pa kukaa, hata kasisi William Salter Price akawaanzishia makazi hayo ng'ambo ya kisiwa. Miongoni mwao alikuwamo Myao aliyemzaa James Juma Mbotela, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa, cha mwaka 1934, ndicho shahidi wetu mkubwa.

Lakini fitina iliyokaribia kumwaga damu ilikuwa ya watoro. Watumwa wa mashamba ya pwani, waliposikia kwamba kwa wamisheni hakuna pingu, walikimbilia huko, hasa Rabai, ambako William Jones, Mwafrika aliyelelewa Nasik huko Bara Hindi, aliwapokea. Na mabwana zao, ambao sheria ya siku zile ilikuwa upande wao, wakadai warudishiwe mali yao, ghadhabu ikapanda hadi mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeingia pwani alipoona kwamba fidia ni nafuu kuliko vita. Mabwana wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakakabidhiwa hati za uhuru.

Mbotela awashukuru mno Waingereza, nami simlaumu, kwa kuwa baba yake aliokolewa nao. Walakini heshima ya kwanza naiona ni ya watoro wenyewe, waliotembea usiku kwa miguu yao, na ya Jones aliyewafungulia mlango, maana utumwa pwani haukufutwa kwa sheria ila mwaka 1907, miaka 18 baadaye.

Makazi yalipungua, mji ukayameza, na leo magari huipita kengele ile mchana kutwa pasipo mtu kuinua macho. Jambo hili lanihuzunisha. Enyi walimu mnaowasafirisha watoto wetu kutoka Ekerenyo kwenda kuitazama Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kwa vita, vukeni daraja siku hiyo hiyo, mkawaonyeshe na kanisa la Emmanuel.