Nzuguni hadi kazini: Fahamu muda, nauli na usafiri wa wafanyakazi Dodoma

Asubuhi ya Nzuguni haina upande mmoja. Kuna wanaoelekea magharibi, mjini kati, na kuna wanaoelekea mashariki, Mji wa Serikali Mtumba. Wote wanaitegemea barabara moja, ile kuu ya Dar es Salaam, na wote wanataka kuwahi.

Kama unaishi Nzuguni, au unatafuta chumba huko, haya ndiyo mambo ya kujua kuhusu safari ya kazini.

Kwa nini Nzuguni?

Nzuguni ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa mashariki. Wengi wa nje wanaijua kwa viwanja vya Nanenane. Siku hizi pia ndiko iliko stendi kuu ya mabasi ya mikoani na Soko Kuu la Job Ndugai.

Kutoka mjini kati hadi Mtumba ni takribani kilomita 17, na Nzuguni iko katikati ya safari hiyo. Ndiyo maana mtumishi wa wizara, muuza nguo wa mjini na mpakua mizigo wa sokoni wanaweza kupanga nyumba moja, na kila mmoja akatoka kwa saa yake.

Watu wameongezeka kiasi gani?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 354,000 ndani ya miaka 10.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, lakini kasi ilikuja baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016. Dodoma ikawa jiji Aprili 26, 2018, na Mji wa Serikali ukazinduliwa Aprili 2019. Ajira nyingi za ofisini zikasogea upande wa mashariki, na wapangaji wakazifuata.

Msongamano unaanza saa ngapi?

Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Shule nazo huanza asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo mtumishi, mwanafunzi na mama anayewahi genge wanajikuta kituoni pamoja.

Wa sokoni na stendi wana ratiba yao. Mabasi ya mikoani huanza kuondoka alfajiri, kwa hiyo muuza chai, wakala wa tiketi na mbeba mizigo wanatoka nyumbani giza bado lipo. Wa zamu za usiku, kama walinzi na wauguzi, wanarudi wakati wengine ndiyo wanatoka.

Kuna misimu ya kuongeza tahadhari. Wiki ya kwanza ya Agosti, maonesho ya Nanenane hujaza watu na magari. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, jiji hupokea wageni wengi, na Bunge lenyewe liko kwenye barabara hiyohiyo.

Watu wanatumia usafiri gani?

Daladala: Ndiyo nafuu kwa safari ndefu. Shida ni kusubiri na kubanana, hasa gari likifika kituoni kwako limeshajaa.

Bodaboda: Inakutoa ndani ya mtaa hadi barabarani, au moja kwa moja kazini ukichelewa. Ni ya haraka lakini inakula hela.

Bajaji: Wengi huchangia, hasa wenye mizigo au watoto.

Basi la ofisi: Baadhi ya wafanyakazi hubebwa na mwajiri. Ukikosa kituo au muda wake, unarudi kwenye daladala.

Miguu: Karibu kila safari ya daladala huanza na kuisha kwa kutembea. Wanaofanya kazi sokoni au stendi wapo wanaotembea mwanzo mwisho.

Nauli inakula kiasi gani cha mshahara?

Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, daladala isiyozidi kilomita 10 ni Sh600. Kilomita 11 hadi 15 ni Sh700.

Piga hesabu ya siku 22 za kazi kwa mwezi:

Daladala moja kwenda, moja kurudi: Sh26,400.

Daladala mbili kwenda, mbili kurudi: Sh52,800.

Daladala moja, pamoja na boda ya Sh1,000 kwenda na kurudi: Sh70,400.

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa mtu wa kima hicho, Sh70,400 ni karibu asilimia 14 ya mshahara kabla ya makato. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku maumivu ni makubwa zaidi, maana nauli inatoka hata siku ambayo kazi imekosekana.

Muda unapotelea wapi?

Wengi tunalaumu foleni. Lakini kilomita 10 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, pamoja na kusimama vituoni, ni dakika 30. Ongeza kutembea kilomita 1.5 hadi barabarani, dakika kama 18. Ongeza kusubiri gari dakika 15. Tayari umefika saa moja na dakika tatu, na zaidi ya nusu ya muda huo hukuwa ndani ya gari.

Saa moja kwenda na saa moja kurudi, kwa siku 22, ni saa 44. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Maana yake, kila mwezi unatumia karibu wiki nzima ya kazi njiani, bila malipo.

Mvua zikianza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, njia za vumbi za mitaani hugeuka tope na makorongo hujaa maji. Boda hupandisha bei, na wa miguu huzunguka.

Dodoma ilipangwa hivi?

Hapana. Mpango mkuu wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, uliotengenezwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulitaka jiji la watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi yenye njia zake. Jiji likakua kwa namna nyingine, likifuata barabara kuu.

Mradi mkubwa wa sasa ni barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, inayogusa Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Lengo mojawapo ni malori yanayokwenda mikoa ya ziwa na nchi jirani yasipite katikati ya jiji. Hilo linapunguza malori, ila halimwongezei daladala mtu aliyesimama kituoni.

Kabla hujalipia chumba

Tembea kutoka chumbani hadi kituoni, siku ya kazi, saa 12 asubuhi. Hesabu dakika na uone gari linafika limejaa au lina nafasi.

Jumlisha kodi na nauli. Chumba kilicho pungufu kwa Sh20,000 lakini kinachohitaji boda kila siku kinaweza kukuongezea Sh44,000 za boda kwa mwezi.

Ukipanda boda, vaa kofia ngumu na kataa mshikaki. Dakika tano ulizookoa hazina thamani ya mguu.

Na kama kazi iko Mtumba, usichague mtaa kwa kuangalia umbali wa mjini tu. Uliza kwanza daladala za upande huo zinapita wapi, na jioni ya mwisho inarudi saa ngapi.