Upeo, si "Uwezo Fiche"

Mjadala wa mashabiki wa mpira wa kikapu kuhusu mchezaji wa msimu wa kwanza hukwama mahali pale pale. Mmoja anasema kijana ana uwezo, mwenzake anasema hana, na wote wawili wanasema kweli. Wa kwanza anamsifu kwa atakavyokuwa. Wa pili anamhukumu kwa alichokifanya uwanjani jana usiku. Neno "uwezo" limebebeshwa mambo mawili, na haliwezi kuyabeba. Waliolitambua tatizo hilo katika vikao vya istilahi wakatuletea "uwezo fiche". Nimeisoma istilahi hiyo, nimeisikia kwa wachambuzi, na ninasema ni kosa. Nilipopendekeza "upeo" katika kikao kimojawapo nilijibiwa kwamba neno hilo "lina kazi nyingine", kisha ajenda ikasonga mbele. Hoja yangu haikusikilizwa siku ile, basi na isomwe hapa.

Kitu fiche ni kitu kilichopo. Maana fiche ya shairi ilikuwamo tangu mtunzi alipoweka kalamu chini. Msomaji anaifukua tu. Ukisema mchezaji ana uwezo fiche, unasema uwezo wenyewe umekwisha kukamilika, ila umefunikwa, na kazi ya kocha ni kufunua. Sivyo mwanadamu anavyokua. Mwaka 2013 Milwaukee Bucks, timu ya NBA, walimchagua Giannis Antetokounmpo katika nafasi ya 15, fowadi wa miaka 18 aliyetoka Filathlitikos, timu ya daraja la pili Ugiriki. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.8, na timu ikashinda mechi 15 kati ya 82. Julai 2021 alifunga pointi 50 katika mechi iliyowapa Bucks ubingwa mbele ya Phoenix Suns. Pointi hizo 50 mwaka 2013 zilikuwa zimefichwa wapi? Hazikuwapo. Mabega ya kuzifungia hayakuwapo, na hata urefu wake ulikuwa bado unaongezeka.

Katika drafti hiyo hiyo, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, Cleveland Cavaliers, wenye nafasi ya kwanza, walimchukua Anthony Bennett, naye fowadi. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 4.2, na baada ya misimu minne hakuwa tena katika NBA. Mtetezi wa "uwezo fiche" analazimika kushikilia kwamba uwezo wa Bennett bado umejificha mpaka leo. Istilahi isiyoweza kukanushwa na tukio lolote haifai kwa mjadala.

Sasa neno langu. "Upeo" linatokana na kitenzi -pea, yaani kukua hadi kutimia. Kitenzi hicho wengi wamekisahau, lakini uzao wake umejaa vinywani mwetu: pevu, pevuka, upevu, mpevu. Mwezi mpevu ni mwezi uliotimia duara lake. Mtu mpevu ni yule ambaye akili yake imefikia kimo chake. Na upeo ndipo mahali penyewe ambapo kitu kikifika, kimepea. Ndiyo maana tunasema upeo wa macho: pale ambapo kuona kwetu kunatimia na hakuendelei tena. Neno hili lina faida ambayo hakuna kamati ingeweza kuibuni, kwa sababu upeo wa macho hutegemea mahali aliposimama mtazamaji. Shabiki anayetabiri upeo wa kijana anakiri, kwa neno lile lile, kwamba anatazama kutoka alipo yeye, na kwamba anaweza kukisia vibaya. Bennett hakuficha kitu. Waliomtazama walimkisia upeo wa mbali kuliko aliokuwa nao.

Na lugha yetu imekwisha kutupa hatua za kufika huko. Muuza matunda wa Tanga hachanganyi embe changa, embe pevu na embe bivu. Embe changa ukilivundika litasinyaa. Embe pevu bado ni gumu na halijapata utamu, lakini limetimia, kwa hiyo ukilivundika litaiva. Upevu si ubivu! Tofauti hiyo ndiyo mashabiki wanayoitafuta usiku kucha kwa neno "uwezo" peke yake, wasiipate, wakaishia kutukanana.

Mfano ulio karibu nasi ni Jonathan Kuminga. Alizaliwa Goma mwaka 2002, katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na mtaani. Badala ya kwenda chuo kikuu cha Marekani alijiunga na Ignite, timu ya ligi ndogo ya NBA, na mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchagua katika nafasi ya 7 akiwa na miaka 18. Mtindo wake wa kucheza ulikuwa wa nguvu: anapokea mpira pembeni, anapiga hatua mbili ndefu, anaruka na kudanki juu ya mlinzi. Warriors wa kocha Steve Kerr hawakucheza hivyo. Kwao mpira huzunguka, pasi hutoka mapema, mchezaji humkingia mwenzake mlinzi kisha hukimbilia nafasi tupu kabla Stephen Curry hajamtazama. Fowadi anayeshika mpira akasita huku anafikiri anauvuruga mchezo wote. Kwa hiyo dakika zake zilipanda na kushuka. Draymond Green, mkongwe wa timu hiyo, alipoumia mgongo Januari 2022, kijana alipata nafasi. Wakongwe waliporudi, akarudi benchi.

Nafasi moja nyuma yake, Orlando Magic walikuwa wamemchukua Franz Wagner, fowadi wa Berlin aliyekwisha kuchezea Alba Berlin na kumaliza misimu miwili Michigan. Wagner alipata wastani wa pointi 15.2 msimu huo, Kuminga 9.3. Hapo vita vikaanza. Upande mmoja ulidai Warriors walikosea, Wagner ana uwezo mkubwa zaidi. Upande wa pili ulikumbusha kwamba Orlando ilishinda mechi 22 tu, kwa hiyo Wagner alipewa mpira na dakika za kujifunzia, ilhali Kuminga alicheza wastani wa dakika 17 katika timu iliyoshinda mechi 53 na kutwaa ubingwa. Zote ni hoja nzuri, na hazigusani. Ukisema Wagner aliingia ligi akiwa ameshapevuka kimchezo, na kwamba waliomchagua Kuminga walimkisia upeo wa mbali zaidi, mgogoro unabaki na swali moja la haki: makisio yale yalikuwa sahihi? Swali hilo lina jibu, na watu wanaweza kulijadili kwa adabu.

Nasi tulikwisha kuumia kwa upungufu huu kabla ya hapo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Yeye alikuwa senta, si fowadi, lakini mabishano yalikuwa ya aina hii hii. Ukisema tu kwamba kijana wa mita 2.21 ana uwezo, umesema kidogo mno. Urefu wake ulikuwa umeshapea. Mchezo wake ulikuwa haujapea. Sentensi hiyo fupi ingewasaidia waliomsifu kupita kiasi, na ingewazuia waliomkejeli baadaye kama kwamba alivunja ahadi.

Nimeletewa pingamizi kwamba msomaji wa Kenya akisikia "kupea" ataelewa kumpa mtu kitu. Ni kweli kwamba huko watu husema "nipee". Lakini ninachopendekeza kama istilahi ni nomino "upeo", na hakuna Mkenya anayeidhania zawadi. Pingamizi la pili ni kwamba upeo ni kikomo, si kinachoweza kutokea. Anayesema hivyo hajawasikiliza mashabiki, kwa maana wanachobishania ni hicho hicho: kijana ataishia wapi akikua vizuri. Wengine wanataka tuseme "potensho" tuachane na taabu. Sina ugomvi na maneno ya mkopo; fowadi, senta na drafti nimeyatumia hapa bila haya. Ila tunakopa tusichokuwa nacho, na hiki tunacho tangu zamani.

Matumizi ni mepesi: upeo wake uko mbali, hajapea bado, amefikia upeo wake, kimchezo ni mpevu, kiakili bado mchanga. "Uwezo" ubaki kwa anachokifanya mchezaji leo uwanjani. Na watakaochapa toleo jipya la orodha ya istilahi waliondoe hilo "fiche", waandike "upeo", kisha waoneshe kwamba shina lake ni -pea, ili mwanafunzi ajue kwamba upeo, mpevu na mwezi mpevu ni ukoo mmoja.