Nyama Iliyovuja Maji

Mwaka 1907 Wadenmark walianzisha vituo vya kupimia nguruwe. Watoto wa wazazi wanaojulikana walilishwa kwa mizani hadi siku ya kuchinjwa, kisha urefu wa mgongo na unene wa mafuta vikapimwa, ili mfugaji ajue ni dume lipi libaki kwa mbegu na ni lipi liende machinjioni. Mteja mkuu alikuwa Mwingereza, mpenzi wa bekoni, na kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kutaka mnofu na kuyakataa mafuta. Wafugaji walimsikiliza. Kizazi baada ya kizazi, nguruwe wa aina ya Landrace akarefuka, akapungua mafuta, akajaa nyama mapajani.

Baadaye nyama hiyo ikaanza kuleta mashaka. Haikuoza wala haikunuka, lakini muda mfupi baada ya kuchinja, misuli ya baadhi ya nguruwe ilipauka, ikalegea, na maji yakaanza kuitoka. Mwaka 1953, katika kongamano la kimataifa la madaktari wa mifugo mjini Stockholm, mtafiti wa Denmark aitwaye Ludvigsen aliieleza hali hiyo kama kuharibika kwa misuli. Hasara yake ilikuwa ya wazi. Nyama iliyovuja hupungua uzito, haishiki chumvi vizuri inapotengenezwa bekoni, na ikipikwa huwa kavu mdomoni, kwa kuwa maji yaliyopaswa kuilainisha yameshamwagika.

Nyama isipofaa mdomoni, wengi huzilaumu kwanza kano na utando. Utando huo umejengwa kwa kolajeni, protini iliyosukwa kwa nyuzi tatu, nayo hukizunguka kila kijinyuzi cha msuli na kila fungu la nyuzi. Mnyama anapokuwa kijana, viungo vinavyozishikanisha nyuzi za kolajeni ni dhaifu, na joto likivuka nyuzi 60 za Selsiasi huanza kuachia. Kolajeni hujikunyata, na ikikaa katika maji ya moto kwa muda wa kutosha huyeyuka ikawa jelatini. Mnyama akizeeka, viungo hivyo hukomaa na kushupaa, na ndiyo sababu nyama ya ng'ombe mzee hushinda jikoni kutwa. Lakini nguruwe wa biashara huchinjwa akiwa na miezi sita hivi, na kolajeni yake ingali changa. Utando haukuwa na kosa. Tatizo lilikuwa ndani ya kijinyuzi chenyewe.

Waliolifuata humo ni Wismer-Pedersen wa Denmark na Ernest Briskey wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1961 walichapisha matokeo yao. Msuli haufi pamoja na mnyama. Damu ikikoma na oksijeni ikakatika, chembe zake huendelea kutafuta nguvu kwa kuvunja glikojeni, ile sukari ya akiba, na taka inayobaki ni asidi ya laktiki. Kwa nguruwe wa kawaida, pH hushuka taratibu kutoka karibu 7 hadi 5.5 au 5.7, kwa saa kadhaa, huku mwili ukipoa. Kwa nguruwe wenye nyama inayovuja, pH ilikuwa imeshapita chini ya 6 katika dakika 45 za mwanzo, mwili ukiwa bado na joto kama la mnyama aliye hai. Asidi peke yake msuli huistahimili, na joto vilevile. Vikikutana, miosini, protini kuu ya msuli, hupoteza umbo lake. Nafasi zilizohifadhi maji husinyaa, maji hutoka, na nyama hurudisha mwanga mwingi zaidi kiasi cha kuonekana imepauka. Mwaka 1964 Briskey aliandika mapitio marefu ya suala hili, na hadi leo wataalamu huitambulisha nyama hiyo kwa sifa tatu: imepauka, ni laini, inavuja.

Likabaki swali gumu zaidi: kwa nini msuli wa nguruwe hawa uliunguza sukari yake kwa kasi hiyo?

Jibu lilikuwa limeanza kujitokeza upande mwingine wa dunia, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria nguruwe. Mwaka 1960 kijana wa miaka 21 alifikishwa katika Hospitali ya Royal Melbourne, Australia, akiwa amevunjika mguu. Mguu haukumtisha. Aliogopa nusukaputi, kwa sababu ndugu zake kumi walikuwa wamekufa baada ya kupewa etha. Daktari wa usingizi, James Villiers, alimpa halotheni, dawa mpya wakati huo. Baada ya dakika chache mapigo yakaenda mbio, shinikizo la damu likaanguka, ngozi ikawa ya moto. Dawa ikasitishwa, akapozwa kwa barafu, akapona. Daktari Michael Denborough aliifuatilia familia ile na kubaini kwamba tatizo lilirithiwa, na mwaka huohuo yeye na mwenzake Lovell wakaliandika katika jarida la The Lancet. Kwangu mimi hapa ndipo penye moyo wa historia hii. Ndugu kumi walizikwa kabla ya mtu kuvijumlisha vifo vyao, na hesabu hiyo ililetwa hospitalini na mgonjwa mwenyewe. Wangempuuza, angekuwa wa kumi na moja.

Mwaka 1966 Hall na wenzake, huko Cambridge, waliripoti kwamba nguruwe chotara wa Landrace waliopewa halotheni na dawa ya kulegeza misuli walikakamaa, joto likapanda, wakafa. Miaka miwili baadaye Topel na wenzake wa Iowa waliupa jina ugonjwa wa nguruwe wasiohimili mfadhaiko, wale ambao wafugaji walizoea kuwakuta wamekufa ndani ya lori au kwenye zizi la machinjio. Sasa mambo matatu yaliyoonekana mbalimbali yakaanza kukaribiana: nyama inayovuja, nguruwe anayekufa njiani, na mgonjwa anayefia mezani pa upasuaji. Nguruwe akawa mnyama wa kujifunzia tiba. Mwaka 1975 Gaisford Harrison wa Cape Town alionyesha kwamba dawa iitwayo dantrolini huwaokoa nguruwe waliokwisha kushikwa, na kabla ya muongo huo kumalizika ikaidhinishwa Marekani kudungwa kwa binadamu. Ugonjwa ambao zamani uliwaua wengi wa walioupata sasa huua wachache sana pale penye dawa hiyo.

Wafugaji nao walipata kipimo. Mwaka 1974 Eikelenboom na Minkema wa Uholanzi walianza kuwavutisha nguruwe wachanga halotheni kwa kifuniko cha puani. Aliyekakamaa miguu ndani ya dakika chache aliondolewa kwenye mbegu. Lakini kipimo hiki kiliwanasa tu waliorithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Aliyerithi upande mmoja alilala salama, akaamka, akaenda kuieneza. Tena, wabebaji hao walikuwa na mnofu mwingi na mafuta machache, ndio walewale waliokuwa wakipewa alama za juu tangu zamani. Nguruwe wa Piétrain, kijiji cha Ubelgiji, waliosifika kwa mapaja yaliyofura, walikuwa na jeni hiyo kwa wingi kuliko karibu aina nyingine zote. Wafugaji hawakuwa wazembe. Kila walipochagua nyama, walichagua na ugonjwa wake bila kuuona.

Mwaka 1991 kundi la Toronto lililoongozwa na David MacLennan, mwandishi wa kwanza akiwa Junichi Fujii, lilitangaza kwamba limeipata hitilafu yenyewe. Ndani ya msuli kuna ghala la kalisi lenye mlango wa protini. Mlango ukifunguka kalisi hutoka na msuli hujikunja, ukifungwa msuli hulegea. Kwa nguruwe hawa, herufi moja ya jeni, ya 1843, ilibadilika, na asidi-amino ya 615 ikawa sisteini badala ya arginini. Mlango wenye hitilafu hiyo hufunguka upesi na huchelewa kufungwa, kwa hiyo msuli hufanya kazi bila kuamriwa, ukiteketeza glikojeni na kutoa joto na asidi. Badiliko hilohilo lilipatikana katika aina tano za nguruwe, likiwa na alama zilezile za kurithi pembeni yake, dalili kwamba chanzo huenda kilikuwa mnyama mmoja wa kale. Mwaka huohuo badiliko la namna hiyohiyo lilikutwa kwa binadamu, katika familia yenye ugonjwa wa nusukaputi.

Tangu hapo tone la damu likatosha kumtambua mbebaji. Mashirika mengi ya mbegu yaliiondoa jeni hiyo katika mifugo yao, na Wabelgiji wa Liège wakazalisha nguruwe wa Piétrain wasio nayo kwa kuwachanganya na nguruwe wa aina ya Large White, kisha kuwarudisha kwa Piétrain kizazi hadi kizazi. Nyama inayovuja imepungua, haijaisha. Nguruwe asiye na jeni hiyo akipigwa, akikimbizwa au akipigana na wageni zizini kabla ya kisu, asidi hukusanyika mapema vilevile, na mzoga ukicheleweshwa kupozwa hali huwa mbaya zaidi. Na kwa nguruwe wa Hampshire ilijitokeza jeni nyingine kabisa, inayoujaza msuli glikojeni hata asidi ya mwisho ikapita kiasi. Hiyo ilitambuliwa mwaka 2000.