Kutoka Sarafu hadi Gari: Neno "Daladala" Katika Njia ya Chake Chake na Wesha
Neno "dala", lililotoholewa kutoka jina la fedha ya Marekani, lilikuwa jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Mwaka 1983, Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, nauli ilikuwa dala moja. Makondakta wakainadi, nalo gari likaitwa daladala. Vivyo hivyo, "matatu" ya Nairobi ilitokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Leo msafiri wa Chake Chake kwenda Wesha hupanda daladala, ilhali shilingi tano hailipi tena nauli yoyote. Kwa hiyo, jina hili linathibitisha historia ya uchukuzi wa Dar es Salaam. Halitoshi kukadiria lini magari ya abiria yalianza Pemba.