Mawe ya Itale na Majina Yake

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nduguti hupita katikati ya majabali ya itale, mengine yamepandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wanyiramba, Wanyisanzu na Wahadzabe wameishi kandokando ya mawe hayo kwa vizazi vingi; mawe yenyewe yana umri upitao miaka milioni 2,500.

Itale ilikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi. Sehemu kubwa iliganda kwanza, ikawa chembe za kwatsi, feldispa na ulanga. Masalia yenye maji mengi yalipenya katika nyufa na kuganda kwa fuwele kubwa, nyingine ndefu kuliko mtu. Mwamba huo huitwa pegmatiti. Elementi ambazo hazikupata nafasi katika mawe ya kawaida husukumwa humo, mfano wa wageni wa arusi waliokosa mkeka wakakutana wote uani. Mojawapo ni beriliamu, ambayo atomu zake ni ndogo mno. Hiyo ndiyo iundayo berili, fuwele yenye pande sita. Na berili iliyotiwa rangi ya kijani na kromiamu ndiyo zumaridi.

Si kila itale yenye hazina ya namna hiyo. Iramba ilisifika kwa dhahabu: ile ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyofulia sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo, huko Tabora mwaka 1916. Kwa habari za pegmatiti hatuna budi kwenda Uluguru.

Huko, zama za Wajerumani, palichimbwa ulanga. Katika machimbo hayo yalionekana mawe meusi, mazito kupita kawaida, yenye urani. Mwaka 1906 mtaalamu wa kemia Willy Marckwald aliyachunguza, akakuta juu yake utando wa manjano, madini yasiyojulikana bado kwa wataalamu. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, bingwa aliyezaliwa New Zealand na ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Montreal. Hatumnyimi Rutherford heshima yake. Lakini mwanafunzi asomaye jina hilo ajue kwamba limetoka Morogoro, na kwamba lilipita kwanza mikononi mwa wachimbaji ambao hakuna madini yaliyopewa majina yao.

Zumaridi ina kisa kilicho kinyume. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, likatumika pwani kutajia vito vya ng'ambo, ilhali jiwe lilikuwa limelala bara. Mwaka 1970 ndipo lilipogunduliwa Mayoka, karibu na Ziwa Manyara. Pegmatiti ya huko ilipenya katika miamba myeusi yenye ulanga mwingi; beriliamu ikatoka upande mmoja na kromiamu upande wa pili, zikakutana mpakani.

Mwalimu wa Nduguti hahitaji kusafiri hadi Manyara ili kulianza somo hili. Awapeleke wanafunzi jabalini, watafute mshipa mweupe ulioikata itale, wapime ukubwa wa fuwele zake kwa rula, walinganishe na chembe za mwamba unaouzunguka. Wakiona fuwele ya pande sita wasiisage: vumbi la berili lina madhara kwa mapafu.