Ndiva za Upare na Swali la Nani Agawe Maji

Anayekusanya habari ndogondogo za Milima ya Upare hakosi cha kuokota. Kuna kilele cha Shengena chenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, kuna ndege mdogo wa jenasi ya Zosterops anayeishi Upare Kusini tu, na kuna Washana, wahunzi wa Ugweno, ambao chuma chao kiliuzwa hadi Uchagani. Katika orodha hiyo ndiva hutajwa pia, kwa kawaida kwa sentensi moja: bwawa dogo la asili la kumwagilia. Sentensi hiyo si ya uongo, ila imelitaja tuta na kuwaacha watu. Hoja ya makala haya ni kwamba ndiva ni taasisi ya utawala kabla ya kuwa ufundi wa maji, na kwamba mipango mingi ya kuiboresha hupwaya kwa kuanzia kwenye tuta.

Sababu ya kuwapo kwake iko katika sura ya nchi. Same mjini hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, iliyogawanyika kati ya vuli na masika, ilhali juu milimani mvua ni nyingi zaidi na vijito havikauki upesi. Mkulima wa miteremko ya kati, kama wa Bangalala, anaweza kupoteza mahindi yote kwa ukame wa majuma machache yanapochanua. Kijito kinachopita karibu naye ni chembamba mno. Akikielekeza moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo, maji hunywewa na ardhi kabla ya kufika shambani. Kwa hiyo maji hukusanywa usiku kucha ndani ya ndiva, na asubuhi hufunguliwa yote kwa mkupuo, yakawa na nguvu ya kufika mbali. Hapo ndipo ufundi unapokoma. Maji ya usiku mmoja hutosha mashamba machache, basi lazima pawe na zamu; zamu hudai mtu wa kuipanga ambaye wengine watamwamini; na tope linalojaa kila msimu hudai msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na adhabu kwa asiyetokea. Bila makubaliano hayo, ndiva ni shimo lenye tope.

Kimsingi ndiva nyingi zilikuwa mali ya koo, na wazee wa ukoo ndio waliosimamia ugawaji. Mamlaka ya namna hiyo yalikuwa madogo, ya karibu, na uamuzi wake ulionekana na kila aliyehusika. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, aliwaonyesha wasomi jinsi utawala wa milima hii ulivyojengwa juu ya koo, na baadaye akaandika kuhusu Mbiru, upinzani wa miaka ya 1940. Serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyokadiriwa kwa mapato ya kila mtu; mwaka 1945 maelfu ya watu wakateremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale kudai iondolewe, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kupinga. Sidai kwamba ndiva ilizaa Mbiru. Hilo halina ushahidi. Ninachodai ni kidogo zaidi: watu waliozoea kuona fungu la kila mmoja likiamuliwa mbele ya wote walikuwa na kila sababu ya kuukataa ukadiriaji wasioweza kuukagua.

Yapo mapingamizi, na mawili nayaona mazito. La kwanza ni kwamba usimamizi wa koo haukuwa wa haki kwa wote: wa ukoo mwanzilishi alitangulia, mgeni akangoja, na mwanamke anayelima hakuwa na sauti sawa na mwanamume. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi turudi kwa wazee wa zamani. Utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, na siku hizi kamati huweza kuchaguliwa. Lakini kasoro hiyo ni ya utawala, nayo hurekebishwa kwa utawala. Saruji huzuia maji yasivuje. Haimpi mjane zamu.

La pili ni kijiji cha Makanya. Kati ya Vudee, iliyo juu, na Bangalala, iliyo chini yake, pamekuwa na utaratibu wa kupeana maji ya mto mmoja. Wanajuana, wameoana, huzikana. Makanya iko chini kabisa, kando ya reli na mashamba ya mkonge, na mtiririko wa kawaida wa mto haufiki tena huko. Wakulima wake hutegemea mafuriko ya mvua, wanayoyachepusha kwenda mashambani yanaposhuka. Basi nani aliyekaa nao kitako? Hapa ndiva imeshindwa, na wanaoisifu bila kulitaja jambo hili (ni wengi) wanaandika sifa za wa juu tu. Hata hivyo, kushindwa huko kunaonyesha mpaka wa taasisi, si ubatili wake: makubaliano yalifika pale ambapo ujirani ulifika.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji pamoja na vibali vya matumizi. Kibali hutaja mtumiaji, chanzo na kiasi. Hakisemi ni nani ameahidiana na nani kuhusu usiku na mchana, na katika mto mdogo ahadi hiyo ndiyo maji yenyewe. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iandike kwanza makubaliano yaliyopo kati ya ndiva na ndiva, iwaite wa Makanya wakae meza moja na wa Vudee, na isitoe kibali kingine kwenye mto huo kabla ya kikao hicho.